Karata za Kilio cha Mathieu

Mtaa mzima wa Panda unajua: karata zilizochezwa kwenye kilio haziondoki na mtu. Wanaume wanakesha wakicheza kumsindikiza marehemu, na akishazikwa, na parti ya mwisho ikiisha, zinatupwa motoni. Lakini Kabongo, mume wa Philomène, masikio yake ya kupamba tu! Kwenye kilio cha rafiki yake Mathieu, aliyekufa kwa kikohozi, karata zilimpa bahati. Akazitia mfukoni, akaenda nazo kwenye kasino ya Magloire.

Tangu hapo hashikiki. Jumapili ya komunyo ya binti yao Bénie, misa inakaribia, baba hayupo. Philomène akaenda kumtoa kasino mwenyewe.

Ndani mapazia yalifungwa, jua haliingii. Televisheni ya ukutani ilionyesha filamu ya kasino, kama kila siku: suti, whisky, vicheko. Humo mtu hashindwi, wala haitwi na mkewe. Upuuzi mtupu! Chini yake Kabongo, na shati lake la njano, alicheza na wenzake. Palinuka udongo mbichi na mishumaa.

"Papa Bénie, mutoto anakungojea ku kanisa!"

"Parti haiyaisha," akajibu bila kugeuka.

Magloire akamvuta pembeni, akanong'ona. "Mama, ile kiti haina muntu. Lakini karata za mbele yake zinajigeuzaga. Miye naogopa hata kuzikamata."

Philomène akaangalia, na kweli, mbele ya kiti kitupu karata iliinuka polepole, ikageuka, ikalala, na kutoka pale pasipo na mtu kikasikika kikohozi kikavu alichokijua vizuri, naye akazikumba karata zote, hata zile za mkononi mwa mumewe, akakimbia nazo nje, akazimwaga kwenye makaa ya mbabula ya muuza mahindi, akasimama pale mpaka ya mwisho ikawa majivu.

Aliporudi, Kabongo alikuwa amesimama. Mpole kabisa, akamshika mkono.

"Twende ku kanisa, Mama Bénie."

Asante Mungu! Philomène alitaka kulia kwa furaha. Mlangoni akageuka kumuaga Magloire, macho yakaangukia televisheni. Katikati ya wale wa suti, mwanamume wa shati la njano alikuwa akipiga kioo kwa viganja, mdomo unaita, sauti haitoki.

Mkono uliomshika ulikuwa wa baridi. Kando yake, mumewe akakohoa kikohozi kilekile kikavu, kisha akamvuta kuelekea kanisani, kwa mtoto.