Kila Mtu na Safu Yake

Safina alikuwa uani akipepeta mchele simu ilipolia. Yeye ndiye katibu wa kamati ya maafa ya kijiji chao, karibu na Mohoro.

"Maji yamepanda, na Bi Mwanamkuu hatumwoni," alisema Badru, mwendesha boti. "Orodha inasema analala kwa mwanawe. Tumefika, hayupo."

Bi Mwanamkuu hawezi kutembea. Orodha hiyo ya wasioweza kutembea Safina aliiandika mwenyewe, kwenye jedwali la kompyuta lenye safu nne: jina, mahali anapolala mtu, simu, na hali ya leo. Wenyeviti wa vitongoji huifungua na kuijaza kwa simu zao.

"Mfuateni bondeni, kwenye dungu lake; ndiko nilikoandika kwamba analala," alisema.

Walimkuta huko, kwenye kibanda chake cha nguzo shambani, maji yakigusa sakafu. Safina alipoambiwa yu salama, alikaa chini akalia.

Kesho yake alikuja Mashaka, mwenyekiti wa kitongoji.

"Ni mimi niliyekosea, dada. Bibi alishinda kwa mwanawe juzi. Nilitaka kuandika hivyo kwenye hali ya leo, nikaandika kwenye mahali anapolala."

Safina hakumlaumu. Alipanda bodaboda hadi Kibiti, kwa Nurdini, fundi wa kompyuta.

"Wenyeviti wanatakiwa kubadilisha nini?" Nurdini aliuliza.

"Hali ya leo tu."

"Basi tuwape ruhusa ya safu hiyo. Nyingine wasome, wasiandike. Mtu akihama, mwenyekiti akupigie. Ukishahakikisha, ubadilishe wewe."

"Wataona siwaamini."

"Hata mimi kidole huteleza, dada. Waambie tunayalinda maandishi, hatumfungii mtu."

Nurdini alimpa kila mwenyekiti jina la kuingilia na neno lake la siri. Safina aliporudi, alimwomba Mashaka ajaribu. Mashaka akagusa mahali anapolala Bi Mwanamkuu. Simu ikaandika: huna ruhusa. Akagusa hali ya leo, ikakubali.

Mashaka alishusha pumzi. "Afadhali. Nilikuwa naogopa hata kuifungua."

Wiki tatu baadaye maji yalipanda tena. Kabla ya adhana ya adhuhuri, Badru alikuwa amewatoa wote tisa wasioweza kutembea. Kila mmoja alimkuta palepale palipoandikwa.

"Umebakiza nani?" Safina aliuliza kwenye simu.

"Hakuna, dada. Wamekwisha."

Safina akamimina chai, akainywa ingali ya moto.