Macho ya Penseli

Kioo kilikuwa na ukungu, na ukungu wenyewe ulikuwa upande wa ndani.

Munyaneza alikifuta kwa kitambaa. Haukutoka. Akakipulizia, akakisugua kwa mkono wa shati, akarudi nyuma kukitazama vizuri, nusura agongwe na baiskeli yenye magunia ya mkaa. Picha zote za dirishani kwenye studio yake zilikuwa kavu: bwana harusi, watoto wenye nguo za Idi, askari mwenye masharubu. Ila picha ya bibi mmoja mwenye mtandio mweupe. Ndani ya fremu yake, mbele ya mdomo tu, palikuwa na duara la mvuke, kama la mtu aliyesogeza uso kwenye kioo siku ya baridi. Duara likafifia. Kisha likarudi.

"Unyevu," akasema Munyaneza kwa sauti kubwa, ili unyevu wenyewe usikie na ukubali.

Tumjue mtu huyu kabla hajaanza kutetemeka, maana akishaanza hapendezi. Alikuwa na studio Nyamirambo, kwenye mteremko chini ya msikiti: yeye anapiga picha upande mmoja, mkewe Mukeshimana anashona nguo upande wa pili, pazia katikati. Mwaka ule wa sabini na sita, wapiga picha walikuwa wachache Kigali, lakini mfumbua macho alikuwa mmoja. Ukipepesa taa inapowaka ukatoka umelala kama maiti, Munyaneza alichonga penseli yake laini mpaka ikawa sindano, akakuchorea macho juu ya picha. Mama yako mzazi asingejua.

Hakizimana muuza nyama alikuja kuchukua yake, akaikodolea weee.

"Yewe, Munyaneza, hii foto iko mimi?"

"Ni wewe."

"Mimi iko na macho mazuri hivi?"

"Siku usipotuibia kwenye mizani, ndiyo unakuwa nayo."

Nyuma ya pazia Mukeshimana alicheka mpaka cherehani ikasimama.

Aliyekataa kucheka ni Maalim Rutayisire, mwalimu wa madrasa. "Kamera sina neno nayo," alisema. "Ni kioo kinachokumbuka. Kinashika alichoumba Mungu. Lakini penseli, baba? Siku ya Kiyama mchoraji ataambiwa: haya, ulichochora kipulizie roho."

"Maalim, mimi nachora macho tu. Mtu mzima nampata kwa Mungu."

"Basi omba asije ambaye macho Mungu hakumpa."

Akaja. Mchana, jua la utosi, mtandio mweupe, macho yamefumba. Aliuruka waya wa taa bila kupapasa, akaketi kwenye stuli kana kwamba aliinunua yeye. Alinuka nywele zilizoungua.

"Fumbua kidogo, bibi."

"Nimesikia wewe ndiye unayefumbua," akajibu. "Fanya kazi yako."

Akampiga picha. Bibi akaondoka, hakurudi kuchukua picha. Na picha ilipotokea, chini ya nyusi hapakuwa na macho yaliyofumba. Hapakuwa na kope. Palikuwa na ngozi tupu, laini kama goti la mtoto mchanga.

Mtu mwenye akili angeichana. Lakini fundi akisifiwa sana huanza kuiona kasoro kama kazi ambayo Mungu amemwachia yeye. Munyaneza akachonga penseli. Akachora macho bora kuliko yote aliyowahi kuchora maishani, yenye unyevu, yenye huzuni kidogo, akayaweka dirishani watu wayaone.

Wiki ileile Mukeshimana, ambaye aliweza kuimba, kugombana na kukanyaga cherehani kwa pamoja, alianza kusimama katikati ya mshono, mkono kifuani. Zahanati walisikiliza mapafu, wakasema ni mazima.

"Sheri wangu," akamnong'oneza mumewe, "kuna mtu ananikatia pumzi. Nikiivuta, mwingine anaichukua."

Munyaneza akataka kutania. Kwa jicho la pembeni aliona, dirishani, kila mkewe alipokwama kwenye hewa, kioo cha yule bibi kikipata mvuke. Akaing'oa picha kwenye fremu, akaificha chumba cha giza, chini ya trei za dawa, akajiambia yamekwisha.

Kesho yake adhuhuri, jua linawaka na muadhini anaita, aliingia chumba hicho kusafisha picha za harusi, akafunga mlango, akavuta pazia, akawasha taa nyekundu, akainamia dawa iliyonuka siki kama siku zote, na akiwa anaitikisa trei taratibu akasikia pumzi, akadhani ni yake, akaizuia, na pumzi ikaendelea, polepole, nyuma ya sikio la kushoto, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda juu ya siki yote, na taa nyekundu ikawa inafifia na kurudi, inafifia na kurudi, kwa mwendo uleule wa ile pumzi, mpaka akatambua kwamba mwendo ule anaujua, ameulalia ubavuni miaka yote ya ndoa, ni pumzi ya Mukeshimana, ila aliyeibeba si Mukeshimana.

"Umenipa macho," ikasema sauti, kwa upole. "Nimeiona nyumba yako. Sasa nipe pumzi, kazi ikamilike."

"Bibi, mimi... mimi napiga picha tu."

"Basi nitajikamilishia. Nimeshaanza. Ya mkeo ni tamu."

Munyaneza akasukuma mlango, mwanga ukamwagika ndani, harusi nzima ikaungua kwenye karatasi. Mpiga picha akiufungua mlango ule kabla ya wakati, ujue ameona kitu.

Maalim Rutayisire alikuja mbiombio. Neno "nilikwambia" lilionekana likimpanda shingoni, akalimeza. Mukeshimana alikuwa amelazwa mkekani, midomo imeanza kushika rangi ya majivu.

"Niichome?" akauliza Munyaneza.

"Usithubutu," akanong'ona Maalim. "Pumzi ya mkeo imo humo, utaichoma pia. Futa ulichochora. Mkono uliochora ndio ufute."

Maalim akaanza kusoma Yasini. Munyaneza akaketi na picha mapajani, ufutio mkononi. Macho ya penseli yakainuka, yakamtazama. Na mkono, aibu iliyoje, ukasita.

"Ni macho bora niliyowahi kuchora," akasema kwa sauti ya chini.

Maalim hakuacha kusoma. Alimwonyesha mkeka kwa kidole tu.

Akafuta jicho la kulia. Kifua cha Mukeshimana kikapanda. Akafuta la kushoto, na karatasi ikawa ya moto, na sauti ikatoka ndani yake bila hasira yoyote, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Umenifumba. Lakini masikio hukunichorea wewe. Masikio ni yangu."

Mukeshimana akakohoa, akavuta hewa hadi tumboni, akaketi.

"Mbona mnanikodolea kama foto?"

Wakacheka, wakalia. Karatasi, sasa haina pumzi ya mtu, ikachomwa. Maalim akanyunyiza marashi vizingitini. Munyaneza akavunja penseli zote, akapaka kuta za nyumba chokaa mpya, na walioendelea kupepesa wakatoka wamelala, wakamtukana, naye akashukuru kwa matusi yao.

Ilikuwa Ijumaa, wametoka kula baada ya sala. Cherehani ya Mukeshimana ilikuwa inakimbia vizuri. Ikasimama.

"Sheri, nani ameshika ukuta wangu?"

Kando ya mlango wa chumba cha giza, juu ya chokaa, palikuwa na alama ya kiganja, mbichi, inanuka siki. Mbele yake nyingine. Vidole vimetanuliwa, kama vya kipofu anayepapasa njia.

"Labda ni..." akaanza Mukeshimana, na mbele ya macho yao kiganja cha tatu kikajipiga ukutani, na cha nne, haraka, kuelekea sauti.

Munyaneza akamziba mdomo. Viganja vikakoma. Nyumba ikatulia kabisa, na katika utulivu ule pumzi ya Mukeshimana ikapita katikati ya vidole vyake, nyembamba, na alama nyingine ikatokea, karibu zaidi, ikiwa imegeukia upande wao. Alimwonyesha kwa midomo tu: usipumue. Wakazuia wote wawili, macho kwa macho, na unyevu ukatiririka kutoka kwenye kiganja kile hadi sakafuni, na kiganja kikangoja, na machozi yakaanza kumtoka Mukeshimana, na kifua chake, kilichopona juzi tu, kikaanza kuruka chenyewe.

Mukeshimana hangeweza kuizuia tena. Munyaneza aliliona hilo, kama alivyozoea kuona usoni mwa watu sekunde ile kabla hawajapepesa.

Akamsukuma nje kupitia mlango wa barabarani. Kisha akageuka, akaachia pumzi yote kwa kelele, kama mtu anayezima jiko, akavuta nyingine, akaiachia, akatembea hivyo, akihema kama punda wa mizigo, kupita viganja vyote ukutani, navyo vikageuka vikamfuata, mpaka akaingia chumba cha giza.

Mlango ukafungwa. Si yeye aliyeufunga.

Nje, Mukeshimana aliegemeza sikio ukutani. Alisikia pumzi mbili. Kisha moja.