Pumu ya Gari Jekundu

Kabla ya kuzimika, lile gari lilivuta pumzi.

Gracien alilisikia akiwa ameinama juu ya injini, katika garaji yake ndogo chini ya soko la Nyawera. Haukuwa mlio wa chuma. Ilikuwa pumzi ndefu, nyembamba, kama ya mtu mwenye kifua kibaya anayepanda ngazi. Kisha injini ikanyamaza.

Lilikuwa gari la mbio la zamani, jekundu, la viti viwili. Mwenyewe, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Tonton Adalbert, alilileta kutoka Ulaya katika ujana wake, na tangu alipofariki lilikaa bandani miaka kumi na miwili. Sasa mwanawe, Raphaël, alitaka litembee, maana alikuwa amepata mtu wa kulinunua huko Kigali. Kwa siku tatu Gracien alitafuta ugonjwa wake. Alibadilisha plagi. Alifungua pampu ya mafuta, akaisafisha, akairudisha. Kwenye chujio alikuta kutu kidogo tu. Bado, kila baada ya dakika chache, gari lilivuta ile pumzi na kufa.

Mwishowe akaamua kulitoa mafuta yote, kwa sababu yale ya zamani yalikuwa yamebaki chini ya tangi. Alipofungua mfuniko, alipokelewa na harufu ya dawa ya kupaka kifuani, ile inayochoma pua.

Alipomuuliza Raphaël, huyo alicheka. Baba yake alijipaka dawa hiyo maisha yote kwa ajili ya pumu.

"Muzee alikuwa anasema, mimi na gari yangu tuko na pumu moja."

Kisha akaacha kucheka. Alieleza kwamba muzee alifia kwenye kiti cha dereva cha gari hilo, katika barabara ya Walungu, akijipeleka hospitali. Gari lilizimika, akawaomba watu wamsukumie. Watu walidhani amelewa, wakapita.

Gracien alimpa pole, akafanya kama mafundi wote wanavyofanya. Aliingiza mpira ndani ya tangi, akaweka ncha nyingine mdomoni, akavuta. Kabla ya mafuta kulikuja kitu kingine, baridi, chepesi, chenye ladha ya ile dawa, kikateleza hadi kooni. Akakohoa. Mafuta yakafuata, akayatema. Halafu akafungua kabureta, akapuliza kwa mdomo lile tundu dogo linalopitisha mafuta, akafunga kila kitu, akatia mafuta mapya.

Gari liliunguruma bila kukatika hadi jioni. Raphaël aliondoka nalo akipiga honi kama bwana harusi.

Nyumbani, mke wake Euphrasie alikuwa akihangaika na mtoto wao Merveille, wa miezi minne. Pua ilikuwa imeziba na kunyonya kulimshinda. Gracien alinawa mikono tu. Akaweka mdomo juu ya pua ya mtoto, akavuta makamasi, akatema nje, kama wazazi wote wanavyofanya. Lakini mkono na mdomo wa fundi huwa na mazoea yake. Baada ya kuvuta, akapuliza.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa, Euphrasie alikuwa akimnyonyesha mtoto aliposikia pumzi ndefu, nyembamba. Kisha kifua kidogo kikasimama. Alimtikisa, akamwita, akahesabu hadi kumi na mbili. Mtoto akakohoa mara mbili, kama injini inayokataa, akaendelea kunyonya.

"Gracien," alinong'ona, "mutoto ananuka dawa. Mimi sikumupaka kitu."

Gracien aliketi kitandani. Alikuwa ametambua ile pumzi.

Kwenye kituo cha afya walimpima mtoto, wakasema kifua ni safi. Akiwa mikononi mwa muuguzi alipumua vizuri. Njiani pumzi ikasimama tena, hadi hesabu ya ishirini. Ndipo Euphrasie alipokumbuka Maman Bintu, bibi kutoka Luhwindja anayetibu watoto wachanga. Maman Bintu alinusa utosi wa Merveille, kisha akamtazama Gracien mdomoni.

"Papa, ulivuta nini na hiyo kinywa?"

Akamweleza yote. Bibi alizungumza polepole. Yule mwenye gari alikufa akitafuta pumzi, na sasa amepata kifua kipya. Aliingia kwa mdomo, atatoka kwa mdomo, na ni lazima arudishwe ndani ya lile tangi.

"Usimuteme chini," alisema. "Ukimutema chini, atarudi kwa mudogo kuliko wote."

Gracien alikimbia hadi kwa Raphaël. Mlango ulikuwa wazi, banda tupu. Jirani akamwambia gari lilivuka mto Ruzizi, mpakani, tangu asubuhi, likienda vizuri kabisa.

Alirudi mbio kwa Maman Bintu, na tangu mlangoni alisikia sauti ya Euphrasie ikihesabu, thelathini na tano, thelathini na sita, sauti kavu isiyo na machozi tena, na alipoingia akaona midomo ya mtoto imegeuka rangi ya jivu, na harufu ya dawa imejaa chumba kizima hadi machozi yakamtoka, na akajua kwamba hakuna tangi, hakuna gari, hakuna mahali popote pa kumpeleka mzee yule isipokuwa pale alipopita kwanza, akapiga magoti, akafunika pua na mdomo wa binti yake kwa mdomo wake, akavuta hadi mbavu zikamuuma.

Kile kitu kikaja, baridi.

Maman Bintu alimwona amefumba midomo. "Papa, hapana," alisema.

Gracien akameza.

Merveille akalia, kilio kikubwa, cha hasira, na Euphrasie akaanguka juu yake akilia pia.

Sasa Merveille anatambaa. Pua yake ni safi, ananuka maziwa. Gracien anafanya kazi kama zamani, ila havuti tena mafuta kwa mdomo. Na wakati mwingine, mezani, huacha kusema katikati ya neno, macho wazi, kifua kimesimama. Euphrasie hapigi kelele. Huinuka, humzunguka, huweka viganja viwili mgongoni mwake na kusukuma, kwa nguvu, kama mtu anayesukuma gari mlimani, mpaka akohoe.

Juzi alisukuma kwa muda mrefu kuliko siku zote. Hatimaye mume wake akakohoa, akageuza kichwa taratibu, na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa ya mzee mpole aliyechoka.

"Aksanti, binti yangu," ilisema. "Wale wengine walipita tu."