Kunuka na Kunukia

Saa moja na dakika ishirini jioni, mwanamke ndani ya televisheni aliinua mkono na wanaume watatu wakaziba pua. Mumewe akasogeza kiti mbali naye. Kisha mwanamke akajipulizia manukato kwapani, wale wanaume wakamzonga kama nyuki, na sauti nzito ya kiume ikasema, "Mwanamke hanuki. Mwanamke hunukia!" Tangazo lililofuata lilikuwa la sabuni ya kampuni hiyo hiyo. Mwanamume alinyanyua vyuma, jasho likimchuruzika mpaka kiunoni, na sauti ile ile ikamsifu: "Jasho la dume!"

Msichana wa miaka kumi na miwili aliyatazama matangazo yote mawili huku akikunja mashuka. Mama yake alikuwa dobi, na chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa cha kupigia pasi. Nyumbani na shuleni walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Kesho yake, Jumatatu, darasa zima lilirudi limelowa jasho kutoka kipindi cha michezo. Chiriku alipokuwa akipita kati ya madawati, mvulana aliyeitwa Redio, kwa kuwa alikariri kila alichosikia, alibana pua. "Dada," aliuliza kwa ile sauti nzito, "unanuka au unanukia?"

Wavulana waliangua kicheko. Shati la Redio lenyewe lingekamuliwa lingejaza kikombe.

"Na wewe je?" Chiriku alimjibu. "Mbona umelowa kama uliyetumbukia kisimani?"

"Mimi ni dume, bwana! Hili ni jasho la dume!"

Kicheko kilizidi. Chiriku alibana mikono mbavuni, akaenda kukaa.

Jioni ile alichukua vitu viwili bila kuomba: wembe wa baba uliokwisha kutumika, uliowekwa juu ya dirisha la bafu, na kopo la manukato yale yale ya tangazo, mali ya mama mdogo aliyeishi nao. Alinyoa makwapa kwa maji matupu. Wembe ulimkata mara mbili upande wa kulia, naye akapuliza manukato juu ya michubuko ile ile. Yalichoma kama pilipili. Akadhani kuchoma huko ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi, kwa hiyo akaendelea: asubuhi, mchana na jioni.

Alhamisi kwapa la kulia lilivimba. Ijumaa mwalimu wa sayansi alimwita ubaoni, lakini mkono haukupanda kupita bega.

"Una nini?" mwalimu aliuliza.

"Nimeulalia vibaya, mwalimu."

Jumamosi, mpaka saa sita mchana, hakuwa amesema neno. Mama yake aliiweka pasi kando.

"Leo Chiriku wangu ameazima ulimi kwa bubu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Sogea hapa."

Alisogea hatua moja. Mama alisikia harufu mbili: ya manukato, na chini yake nyingine nzito, ya kidonda kilichooza. Mtoto ambaye Jumatatu alikuwa na jasho tu, sasa alikuwa akinuka kweli. Mama alimgusa paji la uso, akamhoji mpaka akataja wembe na manukato, akazima pasi, akalichukua lile kopo na kumpeleka zahanati.

Muuguzi alikuwa mwanamke mtu mzima asiyepoteza maneno. Alipima homa: nyuzi thelathini na tisa. "Hili ni jipu, na limejaa," alisema. Alichoma sindano ya ganzi, akasubiri, akapasua. Ganzi haikushika vizuri. Chiriku aliuma ukosi wa gauni la mama yake mpaka uzi ukakatika.

Alipokwisha kufunga bandeji na kuelezwa habari ya wembe na kopo, muuguzi aliuliza, "Nani alikuambia unanuka?"

"Televisheni. Na Redio."

"Redio na televisheni, vyote viwili?"

"Redio ni mwenzangu wa darasani."

Muuguzi hakucheka. Alivaa miwani, akaligeuza kopo, akasoma maandishi madogo ya nyuma: "'Usipulize kwenye ngozi iliyochubuka.' Kwenye tangazo walilisema hili?"

"Hapana."

"Basi sikiliza, mwanangu. Jasho ni maji na chumvi, na kila mwenye ngozi hulitoa. Likikaa ndipo harufu inakuja. Dawa yake ni maji, sabuni na nguo safi, kwa msichana na kwa mvulana. Anayetaka manukato ajipulizie, lakini kwenye ngozi nzima. Wembe wa mtu mwingine usiuguse. Na ukiumwa, sema siku ile ile. Ungenyamaza siku mbili zaidi, uchafu huu ungeingia kwenye damu, na hapo sijui kama ningekuwa nazungumza nawe."

"Miaka tisa nafua nguo za watu," mama alisema polepole. "Shati la bwana na blauzi ya bibi, doa la kwapani ni lile lile. Na mimi nashinda juu ya pasi nikitoka jasho. Umewahi kuniona nikiona aibu?"

Chiriku alitikisa kichwa.

"Wenye tangazo walikuuzia aibu kwanza," muuguzi alisema, "ndipo wakakuuzia kopo."

Chiriku alikaa nyumbani siku tisa, akibadilishwa bandeji kila asubuhi. Mitihani miwili ilimpita. Siku ya kumi mama yake alimrudisha shuleni, akamweleza mwalimu wa sayansi kila kitu.

Mwalimu alisimama mbele ya darasa. "Anayetoka jasho ainue mkono," alisema.

Chiriku aliinua wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado haujapona. Jirani yake wa dawati akafuata, kisha safu ya mbele, kisha ya nyuma. Redio aliinua wa mwisho, na kwapa la shati lake lilikuwa na doa bichi. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu alihesabu mikono arobaini na mmoja, kisha akainua wake.