Naipanoi Habebi Sanduku la Mtu

"Naipanoi tumemaliza naye. Aolewe, atulie," Stanley alisema, akitupa jalada jipya mezani. "Kitabu cha nne ni cha Bibi Helga. Mzungu apeleleze, Naipanoi ambebee mizigo."

Resiato alilitazama. Mwanamke wa kizungu na darubini. Nyuma yake mwanamke mweusi, sanduku kichwani.

"Vitabu vitatu nimeandika, Stanley. Naipanoi anakamata wauaji enzi za Mjerumani, hakuna aliyemtuma. Leo awe mpagazi?"

"Soko huria, mpenzi. Wasomaji wenyewe wametaka."

"Wasomaji gani?"

"Wengi."

Mwaka ule wa 1999 kila mwenye tai Arusha alisema hivyo. Viwanda vikauzwa, tukaambiwa wananchi wametaka. Mimi sijasahau. Sasa anauzwa mpelelezi, na muuzaji ni mchumba mwenye mtambo wa kuchapa, harusi Jumamosi!

Resiato hakulia.

"Kesho tunahojiwa redioni. Uyarudie hayo hayo."

"Nitayarudia, kwani naogopa nini?"

Kweli aliyarudia. Mtangazaji, Irine, alipomkaribisha tu, Stanley akajikohoza:

"Wasomaji wamemchoka Naipanoi. Wanataka mambo ya kimataifa."

Simu ikaita.

"Anyesi hapa, muuza ndizi Engutoto. Kitabu cha pili kilinichosha, mfereji tu, mfereji tu! Lakini pale alipomnasa muuaji kwa kuuliza zamu ya maji ilikuwa ya nani, nilipiga kelele sokoni. Nani kamchoka? Uliniuliza mimi?"

Ikaita tena.

"Saruni, mfugaji, huku magharibi ya Meru. Dada Resiato, muuaji wa kitabu cha kwanza nilimjua mapema mno, ongeza bidii. Ila bibi yangu hasomi, namsomea mimi. Anasema maisha yake yote hajasikia mwanamke akimjibu Mjerumani namna ile. Leo abebe sanduku? Nikamwambie nini bibi?"

"Hao wawili tu," Stanley akacheka. "Wengine—"

"Wengine wapi?"

Stanley akakaa wima. Simuni sasa ilikuwa sauti ya mama yake, Mama Eunike wa Sekei.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba nitaitika ukishanijibu. Taja msomaji mmoja uliyemuuliza. Mmoja!"

Mji mzima ukasikia kiti chake kikilalamika.

"Sikumuuliza mtu, mama. Kuna mwenye hoteli ya watalii aliahidi kununua vitabu vya Bibi Helga."

"Kumbe! Ukamdanganya mwenzako? Basi ndafu ya Jumamosi sichomi. Huyo mbuzi arudi zizini!"

Resiato akavua pete, akaiweka kando ya maikrofoni. Ting! Ikasikika hewani.

"Ungeniambia unataka hela, tungegombana yakaisha. Wewe ulinipiga kwa midomo ya watu wangu."

"Resi, nimekosa. Naipanoi anabaki. Yale majalada nayachoma leo. Kila kitabu kitakuwa na jina lako, kwa herufi kubwa."

"Na mizigo?"

"Mizigo ipi tena?"

"Ya kwenye jalada. Ulishaichora, lazima ipate mbebaji."

"Nitabeba mimi," Stanley akanong'ona.

"Sogea kwenye maikrofoni."

"Nitabeba mimi, Stanley!"

Irine alicheka mpaka akashindwa kutangaza matangazo ya biashara. Resiato akaichukua pete, akaitia mfukoni.

"Jumamosi tutaona."

Jumamosi kanisa lilifurika watu wasio na kadi. Anyesi alifika na mkungu wa ndizi. Saruni alimshika bibi yake mkono. Nje, moshi wa ndafu ulikuwa umeshaanza kupanda.

Resiato akaingia, kichwa juu, pete kidoleni. Hatua chache nyuma yake, Stanley ndani ya suti, sanduku la vitabu vyote vitatu kichwani, jasho hadi kwenye tai.

"Usitue!" Mama Eunike akafoka kutoka kiti cha mbele. "Mpaka madhabahuni!"

Vigelegele vikalitikisa bati.

Bibi wa Saruni akakaza macho.

"Huyo anayebeba ndiye Mjerumani?"

"Hapana, bibi. Ni bwana harusi."

"Aa," bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Basi na yeye amejibiwa."