Matanga ya Mapafu

Habari hii nilipewa na Nakijwa, mtoto wa marehemu dada yangu, mwaka juzi tukipukuchua mahindi. Nami naiandika alivyoisema.

Kule Korogwe, ambako siku hizi ni jiji la vioo vitupu, lipo shamba lisilo na udongo. Ni ukumbi wenye mitungi mia tatu ya kioo, na ndani ya kila mtungi limening'inia pafu la mtu, linavuta hewa na kuitoa. Mashine inayoyaotesha wanaiita kioteshi. Unaipa kipande cha mwili kidogo kama punje ya ulezi, nayo inakuoteshea pafu zima la kumpandikizia mgonjwa. Mapafu yote yale yalitoka kwa mtu mmoja, Mzee Sechonge, dereva wa trekta, ambaye alikwisha kufa akazikwa.

Nakijwa ni mwanasheria. Miaka kumi na minane alizitumikia kampuni za namna hiyo. Mkataba wa Mzee Sechonge aliuandika yeye, na alijisifu kwamba hauna ufa.

Tatizo likawa mjane. Mwezi wa kumi na nne tangu mazishi, alikuwa bado kwenye mkeka, kaniki mwilini, amekataa kuanua matanga. Binti yake amechumbiwa, harusi imekwama. Kila Jumatatu mama huyo alifika getini kusema, "Mume wangu bado anapumua humo ndani. Nipeni nimzike."

Kampuni ikamtuma Nakijwa amfanye atie sahihi karatasi ya kuahidi kwamba hatarudi tena. Nakijwa akaona amwingize ukumbini mchana, ajionee mwenyewe kuwa ni nyama tu. Hapo ndipo alipokosea.

Mjane aliingia, akasimama. Mapafu mia tatu yalipanda pamoja, yakashuka pamoja, kisha yakakatika kidogo kabla ya kupanda tena.

"Ndivyo alivyokuwa akilala," akasema. "Anasita hapo, mpaka umguse." Akamgeukia Nakijwa. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika ile karatasi?"

"Ndiyo, mama."

"Uliandika atamaliza lini?"

Nakijwa akafungua mkataba, ukurasa kwa ukurasa, ingawa aliujua kwa moyo. "Sikuandika, mama."

"Umesoma mpaka nywele zinang'oka, ukasahau mwisho!"

Mhina, fundi wa kioteshi, mtu mzima mwenye wajukuu, akacheka halafu akajizuia. Nakijwa hakucheka. Alichukua ile karatasi ya sahihi, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwamba mjane apewe pafu moja, leo hii, akazike, na lawama yote ni ya Nakijwa. Akatia sahihi yake.

"Watakufukuza, dada," Mhina akasema.

"Funga bomba."

Mhina akafunga bomba la hewa la mtungi wa mwisho. Pafu lile likapungua, likanywea. Na mengine yote, ambayo mabomba yake hayakuguswa, yakasimama. Ukumbi ukawa kimya kabisa. Mhina akakimbilia mitambo; hewa inakwenda, kila kitu kizima, ila hakuna pafu linalovuta.

"Fungua!" mjane akapiga kelele. "Fungua, baba, unamuua! Mara ya kwanza alikufa mwenyewe. Mimi simuui!"

Mhina akafungua. Pafu la mwisho likavuta kwanza, yale mengine yakafuata.

Mjane akatandika kanga yake sakafuni katikati ya mitungi. "Mwambieni binti yangu aolewe bila mimi," akasema, akajilaza ubavu.

Walinzi wangeweza kuitwa. Nakijwa akavua viatu akaketi kando yake, maana mfiwa halali peke yake. Mhina akapunguza taa, akaondoka.

Mjane alisinzia upesi, kama mtu aliyerudi kwake. Nakijwa akabaki macho, akagundua kwamba pumzi yake inapanda na kushuka na yale mapafu. Akajaribu kuiharakisha, ikakataa. Ilipofika pale pa kusita, nayo ikasita. Akaunyoosha mkono akamgusa mjane begani, ikaendelea. Akafanya hivyo mara nyingi, hesabu ikampotea, naye akalala.