Kizingiti cha Msanifu

Msanifu majengo alikutwa saa moja asubuhi, amelala kifudifudi katika chumba chake cha kuchorea, kisogo kimepasuliwa kwa nyundo. Mlango haukuvunjwa. Ufunguo mwingine alikuwa nao mkewe, na mama wa marehemu hakungoja uchunguzi. "Huyu ndiye aliyeniulia mwanangu!" alipiga kelele mbele ya majirani. Masikini, mke akaswekwa mahabusu na mimba yake ya miezi saba.

Inspekta, mwanamke wa maneno machache, hakuridhika. Akamfuata huko huko.

"Kile kizingiti kirefu mlangoni cha nini?"

"Alikiweka makusudi alipojenga chumba mwaka huu," mke alijibu, akifuta machozi. "Alisema jengo humfundisha mtu kutembea. Anayeingia kwake apunguze mwendo, aingie kwa adabu."

Kwa adabu hiyo askari walikiona cha moto. Siku zote walizopita pale waliendelea kujikwaa, na sajini aling'oka ukucha.

Kwanza alishukiwa mtunza bustani, kumbe usiku ule alikuwa amelazwa hospitali. Akahojiwa mdogo wa marehemu, mkandarasi.

"Tulikuwa hatuelewani," alisema. "Chumba hicho sijawahi kukikanyaga."

Baada ya mazishi, mama yao, mtu wa kiti cha magurudumu, aliomba aingizwe mahali mwanawe alipofia. Asubuhi hiyo fundi aliking'oa kizingiti, kiti kikapita. Inspekta akamwita mkandarasi aje kumfariji mama yake. Alimpokea uani, wakaja wakizungumza. Walipofika mlangoni, mkandarasi, macho yake usoni kwa Inspekta, akainua mguu juu, akavuka hewa tupu, akapepesuka.

"Umeruka nini, bwana?"

"Si... niliambiwa kuna kizingiti."

"Aliyeambiwa huangalia chini. Wewe ulikuwa unaniangalia mimi. Askari wangu mpaka leo hawajakizoea. Mguu wako umekizoea lini?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu iliishia mlangoni. Akamgeukia mama yake.

"Ule ukumbi ninaojenga, mama, kaka ndiye aliyekuwa akinichorea kwa siri. Kila jioni nilikuja hapa. Nikabadilisha milango ifunguke kwa ndani, ipendeze. Akasema moto ukitokea watu wataisukuma, watailalia, hakuna atakayepata nafasi ya kuivuta. Akaapa kesho yake angewaambia wenye ukumbi. Ningeumbuka! Nilimsihi, mama. Wallahi nilimsihi. Akanipa mgongo."

Lo! Pingu zilipofungwa mama hakugeuka hata kumtazama anavyotolewa. Alilia kimya kimya, mikono imeng'ang'ania kiti.

"Inspekta, nipeleke mahabusu," alisema hatimaye. "Yule binti nilimlaani mbele za watu, na mjukuu wangu yumo tumboni. Nitaanza na neno gani?"

Inspekta akashika kiti, akakisukuma kuelekea nje.